Mgonjwa wako anafanyiwa oparesheni ya moyo au kifua? Pitia haya kabla hujasaini fomu

Nimefanya kazi wodi ya moyo na kifua miaka kadhaa sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye korido ni moja tu, "Nesi, atapona?" Nalielewa kabisa, hata mimi baba yangu alipofanyiwa baipasi niliuliza hivyo hivyo tena nikiwa na sare ya kazi mwilini. Lakini swali hilo halina jibu la kukusaidia, utaambiwa "tutajitahidi" na utarudi nyumbani kama ulivyokuja. Yapo maswali mengine madogo madogo ambayo ukiyauliza mapema yanabadilisha kitu, na zipo kazi ambazo ni za mgonjwa na familia yake, sio za daktari, na zikifanyika vizuri ndio mtu anatoka wodini baada ya wiki moja badala ya kulala wiki tatu na nimonia. Hayo ndio nataka tuyapitie, kuanzia siku mnayoambiwa "huyu anahitaji oparesheni" mpaka anafunga vifungo vya shati mwenyewe.

Kabla ya yote tafuta daftari. Usitegemee simu, maana simu itaisha chaji siku unayoihitaji, halafu ninyi mnaopokezana kukaa na mgonjwa lazima wote muone kilichoandikwa. Ukurasa wa kwanza andika dawa zote anazotumia, kipimo na saa, pamoja na zile za mitishamba mnazoona aibu kuzitaja. Zitajeni jamani. Zipo zinazofanya damu isigande vizuri na daktari wa usingizi lazima ajue.

Jua kinachofanyika ni kipi hasa

Ndugu wengi ukiwauliza mgonjwa wao anafanyiwa nini wanajibu "anapasuliwa moyo", wameishia hapo. Sasa moyo una mishipa yake inayoulisha, una milango yaani valvu, una kuta, na kila kimoja kina oparesheni yake na kupona kwake.

Kama ni baipasi, maana yake mishipa inayopeleka damu kwenye nyama ya moyo imeziba, kwa hiyo daktari anachukua mshipa kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa huyo huyo na kuunganisha njia mpya ili damu ikwepe palipoziba. Mshipa wa mguuni ulianza kutumika kwa utaratibu 1967 na René Favaloro, daktari Mwargentina aliyekuwa Cleveland huko Marekani, na mpaka leo unatumika. Ila hapa kuna swali usiliache: "Dokta, mshipa wa ndani ya kifua mtautumia?" Kuna mshipa unashuka nyuma ya kidari upande wa kushoto, huo ukiunganishwa na ule mshipa mkubwa wa mbele wa moyo unadumu ajabu, baada ya miaka 10 zaidi ya 9 kati ya 10 bado inapitisha damu, wakati ile ya mguuni kwa muda huo huo karibu nusu inakuwa imeziba au imechoka. Jibu la kawaida utakalopata ni "ndiyo, wa kifua mmoja na ya mguu miwili" au kitu cha namna hiyo. Wakisema hawautumii, uliza kwa nini, kwa upole tu, zipo sababu za msingi, kwa mfano mgonjwa kaletwa na hali mbaya na hakuna muda.

Kama ni valvu, swali la kwanza ni inarekebishwa au inabadilishwa? Valvu ya mitrali, ile ya upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, ikiwa inavuja na inarekebishika basi kuirekebisha mara nyingi ni bora kuliko kuitoa. Ila iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanza na koo la utotoni halafu inakuja kuvimbisha viungo na kutafuna moyo, inakuwa nene na ngumu na kuirekebisha ni kazi kweli. Ikibidi kubadilisha kuna aina mbili, ile watu wanayoiita ya chuma ingawa nyingi zimetengenezwa kwa kaboni ngumu, na ya tishu ambayo inatokana na ng'ombe au nguruwe. (Kama asili ya mnyama ina uzito kwenye imani yenu semeni kliniki mapema, msingoje asubuhi ya oparesheni.) Ya kaboni inaweza kudumu maisha yote lakini mgonjwa atakunywa warfarini, yaani dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku maisha yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Ya tishu haina sharti hilo la maisha lakini inachakaa, kwa wengi ni miaka 10 hadi 20 na kwa vijana inachakaa haraka zaidi kuliko kwa wazee, halafu inabidi kurudi tena.

Naomba nisimame hapa kidogo kwa sababu ya mabinti. Kama mgonjwa ni msichana au mwanamke ambaye bado anataka kuzaa, hili la warfarini lazima lizungumzwe KABLA valvu haijachaguliwa, na azungumze yeye mwenyewe, sio baba au mume kwa niaba yake. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni hasa miezi ya mwanzo, na kuiacha kienyeji nako kunaweza kugandisha damu kwenye valvu na kumuua mama. Kuna namna ya kupanga mimba na madaktari ikaenda salama zaidi, lakini inapangwa, haiji ghafla. Nimeona binti wa miaka 22 anajua jambo hili kwa mara ya kwanza miezi minne baada ya oparesheni, na kilio chake sijakisahau.

Kwenye mapafu hesabu ni nyingine. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, na kwa saratani iliyokamatwa mapema kawaida inatolewa sehemu nzima yenye uvimbe pamoja na tezi za jirani ili zikapimwe. Zamani lilikuwa linatoka pafu zima, ndivyo Evarts Graham alivyofanya 1933 huko St. Louis Marekani, na mgonjwa wake, ambaye naye alikuwa daktari, akaishi karibu miaka 30 baada ya hapo. Graham mwenyewe aliyekuwa mvutaji alikufa 1957 kwa saratani ya pafu, mgonjwa wake akiwa bado hai. Siku hizi kuna hata kutoa kipande kidogo zaidi kuliko sehemu nzima, na tafiti kubwa zilizotoka 2022 Japani na 2023 Marekani zimeonyesha kwamba kwa uvimbe mdogo usiozidi sentimita 2 ulioko pembeni mwa pafu, wagonjwa hawakuishi muda mfupi kuliko waliotolewa sehemu nzima. Kwa hiyo uliza, "uvimbe una sentimita ngapi, na kwa ukubwa huo mnatoa kiasi gani?"

Wanaingilia wapi

Njia ya kawaida ya moyo ni katikati ya kifua, mfupa wa kidari unakatwa kwa msumeno mdogo kuanzia chini ya shingo mpaka juu ya tumbo, mbavu zinafunguliwa kama milango miwili, na mwisho mfupa unafungwa kwa waya za chuma ambazo zinabaki humo humo. Inatisha kusikia, najua. Lakini kidari kilichofungwa vizuri kinapona vizuri na maumivu yake wengi wanasema ni nafuu kuliko walivyoogopa.

Halafu kuna mashine ya moyo na mapafu. Ilifanikiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza Mei 1953, John Gibbon alipoziba tundu kwenye ukuta wa moyo wa msichana wa miaka 18 huko Philadelphia. Inafanya hivi: damu inatolewa kwa mrija upande wa kulia wa moyo, inapita kwenye mashine inapata oksijeni, inarudishwa kwenye mshipa mkuu, wakati huo moyo wenyewe unasimamishwa kwa maji maalumu ya baridi yenye potasiamu nyingi ili daktari ashone kitu kilichotulia. Ili damu isigande mle mashineni anapewa heparini, na ikiisha kazi anapewa protamini ya kuibatilisha. Protamini kwa asili inatokana na samaki, kwa hiyo kama mgonjwa anadhurika na samaki, sema. Jambo dogo hilo na watu hawalisemi kabisa kwa sababu hawaoni samaki na moyo vinahusiana wapi.

Zipo pia njia za tundu dogo pembeni ya mbavu, kuna baipasi inayofanywa moyo ukiwa unadunda bila mashine, na kuna valvu ya aota, yaani ya mshipa mkuu unaotoka moyoni, inayopitishwa kwa mrija kutokea pajani bila kufungua kifua, hiyo ilifanywa kwa mara ya kwanza 2002 na Alain Cribier huko Rouen, Ufaransa, na sasa ni msaada mkubwa sana kwa wazee. Kwenye mapafu kamera imebadilisha mambo, matundu matatu au hata moja badala ya mkato mrefu kati ya mbavu, maumivu yanapungua na mtu anatoka mapema. Lakini usichague tundu dogo kwa sababu ya kovu tu! Hiyo baipasi isiyo na mashine kwa mfano imepimwa kwenye tafiti kubwa na haikuonekana kuwa bora kwa kila mtu, inategemea sana mkono wa anayeifanya na mishipa ya mgonjwa. Mimi ningechagua daktari anayefanya njia ya kawaida kila wiki kuliko yule anayejaribu njia mpya kwa mara ya tano. Ndio maana swali lako liwe "hii mnafanya ngapi kwa mwaka hapa?" Sio tusi hilo, daktari mzuri analijibu bila kununa.

Asilimia wanazokutajia, zisome hivi

Utaambiwa "hatari ni asilimia 2". Maana yake wakichukuliwa watu 100 wanaofanana na mgonjwa wako, 2 hawatatoka salama na 98 watatoka. Neno la kushika ni WANAOFANANA NAYE. Baipasi iliyopangwa, kwa mtu asiye na matatizo mengi, kwenye hospitali yenye uzoefu, hatari ya kufa iko kama 1 hadi 3 kwa 100. Mtu huyo huyo akiwa na figo mbovu, miaka 80, moyo umechoka na kaletwa usiku kwa dharura, namba inapanda mara kadhaa. Madaktari wana vikokotoo, kimoja kinaitwa EuroSCORE II, wanaingiza umri, figo, nguvu ya moyo na mengine wanapata asilimia ya mtu huyo. Omba wakuingizie mgonjwa wako wakwambie imetoka ngapi, na uandike kwenye daftari.

Usiishie kwenye kufa na kupona tu. Uliza kiharusi, ambacho kwa baipasi kinampata kama mtu 1 au 2 kwa 100. Uliza figo. Uliza kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya kuvuja damu, hiyo inatokea kwa watu 2 hadi 5 kwa 100 na ukiijua mapema hutazimia ukisikia "tunamrudisha ndani". Uliza kidonda cha kidari kuoza, ni nadra lakini kikitokea ni miezi ya mateso. Na uliza la maana kuliko yote kwa mzee, "baada ya mwaka mmoja ataweza kutembea mwenyewe, kuoga mwenyewe?" Kwa mzee wa miaka 82 hilo linaweza kuwa zito kuliko asilimia zote.

Tahadhari moja. Hospitali au daktari mwenye vifo vingi kidogo sio lazima awe mbaya, anaweza kuwa ndiye anayepokea wale waliokataliwa kwingine. Jimbo la New York lilianza kutangaza matokeo ya oparesheni za moyo hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ilibidi yapigwe hesabu ya ugonjwa wa kila mtu kwanza, la sivyo wanaochukua kesi ngumu wangeonekana wauaji.

Wiki za kabla, hapa mna nguvu kuliko mnavyodhani

Sigara iachwe, angalau wiki 4 kabla, na zaidi ni bora. Kama zimebaki siku 10, iachwe leo hii hii. Sukari ishuke, maana sukari ikiwa juu kidonda cha kidari kinakuwa shamba la wadudu. Damu ipimwe, kama ni pungufu na kuna muda ipandishwe kabla. Meno! Anayebadilishiwa valvu lazima daktari wa meno amwone kwanza, jino bovu linamwaga bakteria kwenye damu na wanapenda kukaa kwenye valvu mpya. Dawa za kuzuia damu kuganda kama klopidogreli na warfarini huwa zinasimamishwa siku kama 5 kabla, lakini asisimamishe mtu kwa kusoma hapa, tarehe ya kuacha aandikiwe na daktari wake kwa sababu kuna wenye stenti mpya, yaani kimrija cha waya kinachowekwa ndani ya mshipa wa moyo ili usizibe, ambao kuacha tu ni hatari, na aspirini mara nyingi inaendelea. Na asijinyoe kifua kwa wembe nyumbani akidhani anasaidia, vijeraha vya wembe ni milango ya wadudu, wodini tuna mashine ya kupunguza nywele.

Halafu mazoezi ya pumzi yaanze sasa. Avute hewa taratibu kwa pua mpaka kifua kijae, aishike ahesabu mpaka 3, aitoe pole pole kwa mdomo, mara 10, kila saa akiwa macho. Anayejifunza hivi kabla hajapasuliwa anaweza kufanya baada ya kupasuliwa. Anayefundishwa kwa mara ya kwanza akiwa na waya kidarini, na mrija kifuani, na usingizi wa dawa kichwani, anakuangalia tu.

Siku utakayomkuta ICU, chumba cha wagonjwa mahututi

Jiandae kwa utakachokiona ili usimlilie mbele yake. Atakuwa amevimba uso, baridi mikononi, mrija mdomoni umeunganishwa na mashine ya kupumua, mwingine puani, sindano shingoni, mirija miwili mitatu inatoka chini ya kidonda inaenda kwenye chupa, mrija wa mkojo, na skrini inalia kila dakika. Hawezi kuongea kwa sababu ya mrija wa mdomoni na sio kwamba sauti imekufa, mara nyingi unatolewa ndani ya saa chache hadi asubuhi yake. Anaweza kukusikia. Mwambie jina lako, mwambie oparesheni imeisha, mwambie leo ni siku gani. Baba yangu hakukumbuka kitu kingine cha usiku ule isipokuwa sauti ya dada yangu ikisema "imeisha baba, ni Jumanne".

Sasa hiyo chupa. Nitakaa hapa kwa sababu nimeshuhudia. Ndugu mmoja, mtu mwema kabisa, alikuja kumsaidia mgonjwa kuhamia kiti, akaona chupa iko sakafuni akaona ni uchafu, akaipandisha kitandani kando ya mto. Maji yaliyokuwa chupani na kwenye mpira yakaanza kurudi kifuani. Tuliwahi, mgonjwa akapona, lakini yule ndugu alitetemeka siku nzima na kosa lilikuwa letu, hakuna aliyemweleza. Kwa hiyo nakueleza wewe: chupa ikae chini ya kifua SIKU ZOTE, wakati wa kutembea anaibeba chini ya kiuno, isilazwe, isipinduliwe, mpira usikunjwe wala kubanwa wala kukaliwa. Maji ndani ya mpira yakipanda na kushuka anapopumua, ni sawa. Vijipovu vikitoka anapokohoa baada ya oparesheni ya pafu, ni hewa inatoka, mara nyingi ni kawaida siku za mwanzo. Ita nesi upesi kama povu linachemka mfululizo bila kukoma, kama damu inajaa chupani haraka, kama mpira umechomoka, au kama mrija uliokuwa unatoa damu umenyamaza ghafla huku mgonjwa analegea na presha inashuka. Hilo la mwisho watu hulifurahia wakidhani damu imekata kumbe inaweza kuwa inajikusanya ndani na kuubana moyo.

Kohoa, tembea, kohoa tena

Kinachowashika wengi baada ya kifua kufunguliwa ni makohozi. Mtu anaumwa, anaogopa mshono utafumuka, anapumua juu juu, chini ya pafu hewa haifiki, panasinyaa, makohozi yanakaa, homa inaanza. Mshono hautafumuka kwa kukohoa akijishika vizuri: akae wima, akumbatie mto au taulo iliyokunjwa kifuani kwa mikono miwili, avute pumzi mbili tatu ndefu, halafu akohoe mara mbili kwa nguvu kutoka tumboni huku anaubana mto. Wewe kazi yako ni kumkumbusha kila saa na kumuunga mgongo, wala usimwonee huruma ukamwacha alale. Na maumivu yasivumiliwe kishujaa, hakuna tuzo, aombe dawa nusu saa kabla ya mazoezi kwa sababu asiyepata dawa hakohoi na asiyekohoa anapata nimonia. Kiti siku ya kwanza au ya pili, hatua chache siku inayofuata, korido baada ya hapo.

Kati ya siku ya 2 na ya 4 kuna mambo mawili huwa yanatisha familia. La kwanza moyo kuanza kwenda mbio ovyo ovyo bila mpangilio, hiyo inawapata kama watu 3 kwa kila 10 baada ya oparesheni ya moyo, kuna dawa zake na kwa wengi inatulia. La pili ni kuchanganyikiwa, hasa wazee na hasa usiku, anaona wadudu ukutani, anataka kuchomoa mirija, anakutukana wewe mwanae. Hajarogwa wala hajawa kichaa jamani, ubongo umechoka na dawa na kukosa usingizi. Mpe miwani yake, kifaa chake cha kusikia kama anacho, fungua pazia mchana, zima taa usiku, mwambie tarehe na mahali alipo, na asibadilishiwe sura mpya kila saa. Mpe nesi taarifa ili watafute kama kuna homa, oksijeni ndogo au mkojo uliobana.

Nyumbani

Kidari kinahitaji wiki 6 hadi 12 kuunga. Muda huo asinyanyue kitu kizito, wengi tunasema kisizidi kilo 5, asisukume wala kuvuta, asimbebe mjukuu hata akililia, asiendeshe gari mpaka aruhusiwe kwa sababu ajali ndogo tu usukani unampiga kidarini. Akiinuka kitandani ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kidogo kwa kiwiko kilichobanwa karibu na mwili. Mikono ikikaa karibu na mwili anaweza kufanya mengi bila kuumia. Mguu uliotolewa mshipa utavimba, auinue akikaa.

Kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, apande mzani, namba iingie kwenye daftari pamoja na joto, presha na mapigo. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 2 au 3 sio kwamba amenenepa, ni maji, piga simu. Rudi hospitali pia akiwa na homa ya 38 na kuendelea, kidonda kinatoa usaha au wekundu unatambaa, kidari kinagonga "ka ka" anapogeuka au kukohoa, pumzi inakata akilala chali, shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, mdomo umepinda au mkono umelegea ghafla. Hayo mawili ya mwisho hayangoji asubuhi.

Wa warfarini wana kipimo chao cha damu cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kwa valvu ya kaboni ya aota lengo huwa kama 2 hadi 3 na kwa mitrali juu kidogo, 2.5 hadi 3.5. Asinunue dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni mwenyewe, na akiandikiwa antibayotiki yoyote aseme anatumia warfarini, nyingi zinapandisha INR. Mboga za majani ale, ila kiasi kile kile wiki zote, sio leo bakuli tatu kesho hakuna. Kila mwenye valvu mpya akienda kwa daktari wa meno aseme kabla mdomo haujafunguliwa, kuna antibayotiki anatakiwa anywe kwanza. Na wa rumatiki wasiache sindano zao za penisilini za kila wiki 3 au 4 eti kwa sababu valvu imebadilishwa, homa ikirudi itakula na milango iliyobaki.

Kuna jingine halisemwi sana, huzuni. Wiki ya 3 au ya 4 mtu aliyepona vizuri anaanza kulia bila sababu, hataki kula, hataki wageni. Inatokea kwa wengi na kwa wengi inapita, lakini ikivuka wiki mbili mfululizo mwambieni daktari, kwa sababu mwenye huzuni hatembei, hanywi dawa, na moyo unalipia. Kama hospitali ina mpango wa mazoezi ya wagonjwa wa moyo asikose hata siku moja.

Siku ya kliniki nendeni na daftari. Baba yangu alipoulizwa wiki ya 5 "unaendeleaje mzee" akajibu "salama tu, sina shida", kama kawaida yake. Dada akafungua daftari: 71.2, 71.4, 72.3, 73.5, siku nne zinafuatana. Daktari akamgeukia, akamvua soksi, akabonyeza kidole juu ya kifundo, shimo likabaki pale pale. Akaongezewa dawa ya kutoa maji siku hiyo hiyo, Ijumaa tukaandika 71.3.